Kipande Kibaya cha Njia: Mhadhara Uliotolewa Kakanda

Nimetakiwa niseme juu ya njia za matembezi ya nje ya mji kwa watu ambao miguu yao haiwatii, ama kwa maradhi, ama kwa ajali, ama kwa uzee tu, ambao haumhitaji tabibu wa kuutambua. Nami najua kwamba katika mji huu wa machimbo, ulioko baina ya Likasi na Kolwezi, ambako vumbi la malori huingia hata katika chungu kilichofunikwa, wapo watakaouliza, tena kwa haki, kwa nini mtu azungumze habari za matembezi ilhali ziko haja nyingi zilizotangulia. Swali hilo nitalijibu kwanza, maana lisipojibiwa litakaa katikati yetu mpaka mwisho kama mgeni ambaye hakuna aliyemkaribisha.

Pori letu halikuwa kamwe bustani ya watu wenye nafasi. Mvua za kwanza zinapoanguka na uyoga ukaanza kuota chini ya miti ya miombo, mama aliyekuwa akiujua uyoga wa kula na uyoga wa sumu tangu utoto wake, lakini leo magoti yake yamekufa, hubaki uani akingojea vijana wamletee vikapu, naye ndiye mwalimu wao, na elimu yake haiwezi kufundishwa uani kwa sababu uyoga hutambulikana pale ulipoota, kwa mti ulio karibu nao na kwa udongo ulioutoa. Kadhalika makaburi yako nje ya mji, na mashamba yako nje ya mji, na mashauri mengi ya ukoo, kama mjuavyo, hayakatwi barazani bali hukatwa njiani, watu wakirudi shambani jua likipungua. Basi mtu asiyeweza kufuata njia ya porini hukosa kumzika nduguye, hukosa neno lake katika shauri, na baada ya miaka michache watu husema kwamba hana shauri, wakasahau kwamba kilichomnyamazisha ni korongo la hatua tatu lililo nyuma ya nyumba za mwisho.

Hilo ni jibu la haja. Lakini mimi sitaki kuitetea furaha kwa kuivika nguo za haja peke yake. Lau pori lisingekuwa na uyoga, wala viwavi vya kula, wala kuni, wala kaburi hata moja, mtu angekuwa bado na haki ya kutoka kwenda kutazama dembo, lile bonde la majani, lilivyojaa maji na kusikia upepo usiokuwa na mlio wa mashine ndani yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa Desemba 2006, na ambao nchi yetu ya Kongo ilijiunga nao mwaka 2015, unataja katika kifungu chake cha 30 mapumziko, michezo na burudani, kando ya kazi na elimu na matibabu vilivyotajwa kwingineko. Nami naona walioandika hivyo walikuwa na insafu kubwa kuliko wale wafadhili wetu ambao humpa kiwete gunia la unga, wakaona wamemaliza.

Tuangalie sasa jinsi watu wasioweza kutembea walivyopita katika nchi hizi zamani. Mwezi wa Aprili 1873, katika mabwawa ya Bangweulu, ambayo leo yamo Zambia, mashariki ya hapa tulipo, Daktari David Livingstone alikuwa taabani kwa maradhi hata hakuweza tena kuketi juu ya punda, na watu wake, miongoni mwao Chuma na Susi, wakafunga miti na majani na blanketi, wakafanya kitanda, wakambeba mabegani. Walivuka maji na matope kwa mwendo wa polepole, na mara kwa mara ikawalazimu kumtua chini kwa sababu ya maumivu, hata alipofika kijijini kwa Chitambo akafa tarehe 1 Mei. Kisha mabega yale yale yakauchukua mwili wake mpaka Bagamoyo, ukafika Februari 1874. Sisemi habari hii ili kumsifu msafiri, ambaye amesifiwa vya kutosha. Nasema kwa sababu inaonyesha wazi kwamba katika nchi isiyokuwa na njia, mgonjwa hupita kwa mabega ya wengine, na ya kwamba mabega hayo yalikuwa ya watu ambao majina ya wengi wao hayakuandikwa.

Baadaye ikaja zamani ya machela, ambayo huku Kongo iliitwa tipoi. Hapo mambo yakapinduka kwa namna ya kuchekesha, kama si ya kuliza: bwana mkubwa mwenye miguu miwili mizima, aliyekula akashiba, alibebwa na watu wanne kuvuka pori lile lile ambalo kiwete wa kijiji hakupata kulivuka maisha yake yote, kwa kuwa yeye hakuwa na amri ya kuwashurutisha wabebaji. Tukumbuke hayo tunapoambiwa kwamba nchi hii haina uwezo wa kumfikisha porini asiyetembea. Uwezo ulikuwapo, ila uliwekwa mahali pengine.

Na kubebwa, hata kwa mapenzi, si sawa na kwenda. Abebwaye husimama pale mbebaji aliposimama. Hawezi kusema kila baada ya hatua kumi, ngojeni nitazame ua hili, maana anajua mabega yanauma. Huona haya, hufanya haraka, hukubali kurudi kabla ya kushiba. Nimewasikia wazee wengi wakisema kwamba waliacha kutoka si kwa kukosa watu wa kuwabeba, kwani wajukuu wapo na wana nguvu, bali kwa kuchoka kushukuru.

Hii ndiyo sababu baiskeli ya magurudumu matatu, ile ambayo huendeshwa kwa mikono, imekuwa katika Kongo yetu chombo cha heshima. Kinshasa, kwenye bandari ya kuvukia kwenda Brazzaville, watu wenye ulemavu waliopewa nafuu ya nauli walifanya biashara kubwa, wakipakia bidhaa juu ya baiskeli zao mpaka mtu haonekani. Na Goma, kwenye mpaka wa Gisenyi, biashara kama hiyo iliwalisha wengi. Wanamuziki wa Staff Benda Bilili, ambao wengi wao waliugua polio utotoni, walizunguka mitaa ya Kinshasa kwa vyombo hivyo kabla ya Ulaya kuwajua. Na polio haiwahusu watu wa Kinshasa pekee: virusi vyake vya asili vilionekana mara ya mwisho nchini Kongo mwaka 2011, na waliougua kabla ya hapo wako hai, wana watoto, wanataka kwenda wanakokwenda wenzao.

Walakini baiskeli hiyo ni mtoto wa lami. Nyingi katika hizo hupokea nguvu ya mikono kwa mnyororo unaozungusha gurudumu la mbele, ilhali uzito wa mwendeshaji uko nyuma. Kwa hiyo anapopanda kilima chenye changarawe zisizoshikana, gurudumu la mbele huzunguka bure, likarusha mawe, na chombo hakiendi. Kiti cha magurudumu cha hospitali nacho kina mushkili wake: magurudumu yake mawili madogo ya mbele, yaliyofanywa kwa sakafu laini, huzama mchangani, na likitokea jiwe la ukubwa wa yai, hukwama ghafula, na mtu akaanguka kifudifudi. Mafundi wa Afrika Mashariki wamelijua jambo hili siku nyingi. Katika karakana za chama cha watu wenye ulemavu wa viungo cha Kenya, APDK, kilichoanzishwa mwaka 1958, na kwa mafundi waliosomeshwa katika chuo cha TATCOT kule Moshi, chini ya Kilimanjaro, utakuta viti vya magurudumu matatu, ambavyo gurudumu lake la mbele ni moja, kubwa, tena limewekwa mbali mbele ya miguu, ili lipande juu ya jiwe badala ya kuligonga, na ili chombo kisipinduke kwenye mteremko. Nako Ufaransa, mwaka 1987, mwongozaji wa milimani aitwaye Joël Claudel alimtengenezea mpwa wake aliyekuwa na maradhi ya misuli kiti cha gurudumu moja tu, kinachoshikwa na mtu mmoja mbele na mmoja nyuma, ambacho hupita hata penye mizizi na ngazi za mawe. Ukikitazama vizuri utaona kwamba ni machela iliyopewa gurudumu, na aibu yake imepungua kwa sababu uzito uko chini, hauko tena begani kwa mtu.

Lakini vyombo ni nusu ya shauri, tena nusu iliyo rahisi, kwa kuwa chombo hununuliwa au huombwa. Nusu ya pili ni ardhi yenyewe, na hapa nataka kulisema lile neno ambalo limenileta. Njia haihesabiwi kwa urefu wake mzuri. Huhesabiwa kwa kipande chake kibaya kuliko vyote. Kilomita mbili za udongo ulioshindiliwa, tambarare, zenye kivuli, si kitu kwa mtu wa kiti iwapo katikati yake kuna kijito kilichowekewa gogo moja la kuvukia. Kwake yeye njia hiyo ina urefu wa kutoka nyumbani mpaka kwenye gogo, basi. Mwenye miguu hulisahau gogo lile mara tu alipolivuka, hata ukimwuliza jioni kama njia ilikuwa nzuri atakuambia ilikuwa nzuri sana, naye hasemi uongo. Kwa hiyo usimwulize. Kapime mwenyewe.

Na kupima hakuhitaji mhandisi. Chukua ubao ulionyooka wa mita mbili, na chupa ya maji isiyojaa kabisa, iliyozibwa na kulazwa juu yake. Weka ubao juu ya njia kwa kufuata mwinuko, kisha inua ncha ya chini mpaka maji ndani ya chupa yalale sawasawa. Pima nafasi iliyo chini ya ncha uliyoiinua. Ikiwa ni sentimita 10, mwinuko ni 1 kwa 20, na kwa kipimo wanachokitumia watunza misitu wa Marekani, mwinuko wa namna hiyo huweza kuendelea kwa urefu wowote bila ya kumchosha mtu kupita kiasi. Ikiwa inakaribia sentimita 17, umefika 1 kwa 12, na hapo wao huruhusu mita 60 tu kabla ya kuweka mahali pa kupumzikia palipo tambarare. Zaidi ya hapo ni taabu kubwa, na kushuka ni hatari kuliko kupanda, maana viganja huungua juu ya magurudumu. Kisha geuza ubao, uulaze upana wa njia, upime inavyoinama upande, kwani hili ndilo jambo ambalo wenye miguu hawalihisi kabisa: njia iinamayo upande humvuta mtu wa kiti kuelekea bondeni katika kila hatua, naye hutumia mkono mmoja kuzuia na mmoja kusukuma, na baada ya mita mia mbili bega moja limekufa. Upana usipungue sentimita 90.

Vijia vyetu vya porini vina aibu yake ya pekee, ambayo huko ng'ambo hawaijui. Vingi vimechongwa na kinga, hizi baiskeli za wauza makaa, ambazo hushuka kutoka porini zimebeba magunia yaliyopita kichwa cha msukumaji. Gurudumu likipita mahali pamoja kila siku hufanya mfuo mwembamba, na mvua ikija huufanya mfuo kuwa mfereji, kina chake kifundo cha mguu, upana wake shibiri moja au mbili. Mwenye miguu hutembea ndani yake bila ya kufikiri. Mwenye kiti, ambaye magurudumu yake yako mbalimbali, lazima aweke moja ndani ya mfereji na jingine juu ya ukingo, akaenda ameinama ubavu, na majani makavu yakimkata mkono.

Dawa yake iko hapa hapa, tena inasimama kila mahali ikitutazama. Udongo wa vichuguu vya Katanga, vile vikubwa vinavyopita kimo cha nyumba, mababu waliutumia kujengea tanuri za kuyeyushia shaba. Sisi twaufyatulia matofali na kusakafia vibanda. Udongo huo ukipondwa, ukarushiwa maji kidogo, ukashindiliwa kwa gogo katika tabaka nyembamba, hukauka ukawa mgumu. Jaza mfuo wa kinga kwa changarawe chini na udongo wa kichuguu juu. Acha katikati pa njia painuke kidogo tu ili maji yashuke kandoni. Chimba mfereji upande wa juu wa kilima. Na penye kijito weka mbao zilizolazwa kukata njia, wala si kuifuata, kwa kuwa ufa baina ya mbao mbili zinazofuata njia ndio mtego wa gurudumu. Kazi hii ifanyike wakati wa kiangazi, tangu Mei hata Septemba, na kila mwaka itataka marekebisho baada ya masika. Asiyetaka kurekebisha asianze, maana njia iliyotengenezwa mara moja na kuachwa humdanganya mtu, akatoka nyumbani kwa kuiamini.

Nimetaja kudanganywa, na hapa nina shauri moja la bure kabisa. Katika nchi ya maziwa ya Uingereza, watunzaji wa hifadhi ya Lake District wamechagua njia kadhaa zisizokuwa na vipandio vya kuruka ua, wakaziandikia maelezo: hapa ni changarawe, hapa pana lango la upana fulani, hapa pana mwinuko. Hawakumwambia mtu kwamba anaweza au hawezi. Walimwambia palivyo, wakamwachia hiari ya kukata shauri. Sisi hufanya kinyume. Humtazama mtu tukamwambia, mama, huko huwezi kufika. Tukasema kwa huruma, na huruma hiyo imewafungia watu majumbani zaidi kuliko mawe yote ya Katanga. Mwambieni palivyo. Mwambieni, mama, kuna mteremko wa hatua arobaini, kisha mchanga wa hatua kumi, kisha ni pagumu mpaka mwisho. Yeye ndiye ajuaye mikono yake.

Wako wanaopenda zaidi habari za mashujaa. Ni kweli kwamba Bernard Goosen wa Afrika Kusini, mwenye ulemavu wa tangu utoto, alifika kilele cha Kilimanjaro kwa kiti cha magurudumu mwaka 2003, akarudia tena 2007, na ya kwamba Spencer West, asiyekuwa na miguu, alikwea mwaka 2012 akitumia mikono kwa sehemu kubwa ya safari. Nawavulia kofia. Lakini nakiri kwamba habari hizi hunitia wasiwasi kila zinaposimuliwa na mtu mwenye madaraka, kwa kuwa mara nyingi hufuatiwa na maneno ya kwamba penye nia pana njia, na maana yake ni kwamba yeye hatatengeneza njia. Sitaki kumpeleka mtu yeyote wa Kakanda kwenye maporomoko ya Lofoi kule Kundelungu, ambayo huanguka zaidi ya mita 300. Nataka afike penye dembo na kurudi kabla ya chakula cha jioni.

Na sheria? Sheria tunayo. Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, katika kifungu chake cha 49, inawapa mzee na mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalumu za kuwalinda. Na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 imekuja kulifafanua jambo hilo kwa urefu. Nisiwachoshe nayo. Sheria haijapata kushindilia udongo.

Tunacho kingine ambacho ni tunu ya mahali hapa, nacho ni vilima vyenyewe. Mnajua kwamba pale penye shaba nyingi ardhini miti ya miombo haioti, na kilima hubaki uwazi, chenye majani na maua tu, katikati ya msitu. Wataalamu wa mimea, tangu Paul Duvigneaud aliyeandika mwaka 1958 hata François Malaisse baada yake, wamekuja kutoka mbali kuyatazama maua hayo, mengine ambayo hayaoti popote duniani isipokuwa juu ya madini ya Katanga. Liko moja la njano la jamii ya marejea ambalo wamelipa jina la kobalti, na liko jingine ambalo huota juu ya mabaki ya tanuri za kale, hata wachimbuzi wa mambo ya kale hulifuata kama alama. Vilima kadhaa vimekwisha kuchimbwa, na maua yake yamekwenda pamoja na mawe. Juu ya vilivyobaki mtu huona mbali bila ya kuzuiwa na mti, na kwa kuwa majani ni mafupi, aliyeketi kitini huona sawasawa na aliyesimama, jambo ambalo msituni haliwezekani. Sijui mahali panapofaa zaidi kwa njia ya kwanza.

Wahandisi wa reli iliyofika Elisabethville mwaka 1910, na wa barabara za machimbo baada yao, walijua kwamba chombo kizito hakipandi kilima kwa kukikabili. Walikizunguka kiunoni, pole pole, wakapima kila mita, kwa ajili ya mawe. Njia ya kiti haitaki elimu nyingine isipokuwa hiyo. Isipite karibu na mashimo, wala juu ya udongo uliomwagwa na mitambo, ambao hufuka vumbi na kuteleza wakati wa mvua, wala isitumie barabara ya malori, hata iwe pana namna gani. Ianzie penye nyumba za mwisho, izunguke mguu wa kilima, iwe na gogo la kukalia au jiwe bapa kila baada ya mita sitini, na palipo na jiwe, pawe na nafasi kando yake ya kuegesha kiti, ili mwenye kiti na mwenzake waketi bega kwa bega, mmoja asiachwe katikati ya njia.

Ubao mmoja na chupa moja ninavyo hapa mezani, na asubuhi ya Jumamosi, kabla ya jua kuwa kali, nitakuwa penye nyumba za mwisho pamoja na wazee wawili watakaokuja na viti vyao, ambao ndio watakaosema tupime wapi. Atakayekuja na jembe asilitumie siku hiyo. Tutapima tu, na kuandika, mpaka tutakapofika pale watakaposema hapa hatupiti.